Vinyago vya Kutisha: Kutoka Tezo ya Mmakonde hadi Plastiki ya Ombwe

Kinyago cha kutisha ni uso usiobadilika juu ya mwili unaotembea. Mwili unacheza, unakimbia au unanyemelea, lakini uso umeganda: haucheki, haupepesi macho, haumjibu aliye mbele yake. Hofu inatoka hapo. Watengenezaji wa filamu za kutisha wa Marekani waliligundua hilo katika miaka ya 1970 na 1980, wakajipatia fedha nyingi. Wachongaji wa pande mbili za Mto Ruvuma walikuwa wakilijua vizazi vingi kabla ya filamu kuwepo. Leo vinyago vya filamu huundwa upya kwa kupasha moto karatasi ngumu ya plastiki na kuifyonza juu ya kalibu, na kazi hiyo hudhaniwa kuwa ya mashine. Lakini mashine haichongi. Inanakili tu kile ambacho mkono wa mtu umekwisha kukichonga, na kwa hiyo historia ya ufundi huu inaanza na wachongaji.

Wamakonde wanaishi kwenye uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, na upande wa Tanzania katika Newala, Tandahimba na Mtwara. Kinyago chao cha ngoma huitwa lipiko, na vikiwa vingi ni mapiko. Upande wa Msumbiji kinajulikana zaidi kile kinachochongwa kama kofia ya kufunika kichwa kizima. Upande wa Tanzania ni maarufu pia vile vya kufunika uso peke yake, pamoja na kinyago cha mwili chenye umbo la tumbo la mwanamke mjamzito, ambacho mchezaji mwanamume hukifunga kifuani. Mti wa vinyago hivi ni mwepesi. Wengi hudhani ni mpingo, kwa kuwa mpingo ndio ulioutangaza uchongaji wa Kimakonde duniani, lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na hakuna shingo ambayo ingeubeba katika ngoma ya usiku kucha. Mchongaji huanza kwa tezo, humalizia kwa kisu, kisha hubandika nywele halisi za binadamu kwa nta ya nyuki. Chale za usoni nazo huweza kufinyangwa kwa nta hiyohiyo, zikawa mistari iliyotuna juu ya mti. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, asionekane hata kidole, naye huona njia kupitia tundu la mdomo wa kinyago.

Lipiko liliunganishwa na jando. Wanawake, na watoto ambao hawajapita jandoni, hawakutakiwa kujua kwamba ndani yake kuna mtu. Kwao huyo alikuwa mfu aliyerudi, mzimu uliotoka porini kuja kucheza uwanjani na kuwakimbiza. Siri hiyo ilikuwa sehemu ya mafunzo yenyewe: kijana alifundishwa kukabiliana na kile kilichomtisha tangu utoto, kinyago kikavuliwa, naye akamwona jirani yake akitokwa jasho. Hakuna filamu ya kutisha iliyowahi kuwa na mwisho mzuri kuliko huo. Mtoto alikimbia, kijana alivua kinyago, na mtu mzima akawa mlinzi wa siri. Vinyago hivyo pia havikuganda katika sura za mababu peke yake. Wazungu, Waarabu na Wahindi walichongwa, kila mmoja kwa namna alivyoonekana na kuogopwa na wenyeji.

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka nyanda za Makonde, wakati huo zikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Alibeba fonografu ya kurekodia sauti na kamera ya sinema. Sinema ilikuwa na umri wa miaka 11 tu tangu maonyesho ya ndugu Lumière mjini Paris mwaka 1895. Kwa hiyo kamera na ngoma za nyanda hizo vilikutana mapema sana, kabla hata Hollywood haijawa mji wa filamu.

Magharibi zaidi, Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana chama cha Nyau na ngoma yake ya Gule Wamkulu, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Huko vinyago ni vya mizimu na wanyama, lakini viko pia vya watu wa utawala wa kikoloni na hata vya wahusika wa Biblia, kama kile kiitwacho Maria. Wamisionari waliipinga Nyau kwa nguvu. Baadaye padre mmoja, Claude Boucher, alijenga kituo cha Kungoni huko Mua, Malawi, na kuvikusanya vinyago hivyo ili vihifadhiwe. Kwa mkazi wa Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, ambao umepakana na nchi zote mbili za Malawi na Zambia, Nyau iko karibu zaidi kuliko mapiko.

Katika miaka ya 1950 Wamakonde waliokuwa wamehamia Tanganyika, wengi wao kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, walianza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Mchongaji Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja, midomo iliyopinda na viungo vilivyokaa pasipo pake. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, aliununua na kuusukuma sokoni. Hapo sura ya kutisha ikawa bidhaa ya mpingo ya kuwekwa mezani. Ile ya kuvaliwa iliendelea kuwa ya mti mwepesi.

Thamani ya vinyago hivyo ilionekana kwa njia mbaya mwaka 1984, kinyago cha Kimakonde kilipoibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kilitambuliwa mwaka 1990, na mazungumzo yakachukua miaka 20. Mwezi Mei 2010 kilirudishwa Tanzania. Nakala yoyote ya plastiki ya kinyago kama hicho inaweza kutengenezwa kwa saa chache; lakini kilichodaiwa kwa miaka 20 ni kipande cha mti chenye alama za tezo.

Upande wa pili wa dunia historia ilianzia dukani. Don Post alianza biashara ya vinyago vya mpira mwaka 1938, na kampuni yake ikaja kuwa jina kubwa kuliko yote katika vinyago vya filamu za kutisha za Marekani. Mpira wa maji humiminwa ndani ya kalibu ya plasta, ukaachwa ushike kuta zake, kisha ukamwagwa uliobaki na ngozi iliyoganda ikabanduliwa. Kinyago cha namna hiyo hulegea na kujikunja kama ngozi. Ben Cooper, kampuni ya New York iliyoanza mwaka 1937, ilikuja kujulikana kwa njia nyingine ya bei nafuu: uso mwembamba wa plastiki uliofungwa kwa lastiki kisogoni, ukiuzwa pamoja na vazi kwa ajili ya watoto wanaosherehekea Halloween tarehe 31 Oktoba. Nyuso hizo zilikuwa za plastiki iliyofyonzwa kwa ombwe.

Ufundi wa ombwe ulikua wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya ndege vilipohitaji vioo vya plastiki vilivyopinda. Baada ya vita jeshi la Marekani liliutumia kutengeneza ramani zenye milima na mabonde yanayopapaswa kwa kidole. Mwaka 1962 kampuni ya Mattel iliuza mashine ndogo ya kuchezea, yenye bamba la moto na pampu ya mkono, na watoto wakafyonza plastiki zao mezani. Ufundi uliokuzwa kwa ajili ya ndege za kivita ulikuwa umefika nyumbani, na haukuondoka tena.

Filamu mbili ndizo zilizofanya kinyago kiwe muhimu kuliko mwigizaji. Ya kwanza ni Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, iliyotengenezwa kwa bajeti ya dola laki tatu na kidogo. Muuaji alihitaji uso, na fedha hazikuwepo. Tommy Lee Wallace alinunua kwa bei isiyofika dola 2 kinyago cha Don Post chenye sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, yaani uso wa mwigizaji William Shatner. Akapanua matundu ya macho, akapuliza rangi nyeupe, akavuruga nywele. Kilichobaki ni uso wa binadamu ulionyang'anywa ubinadamu. Hicho kilikuwa cha mpira.

Ya pili ni Friday the 13th, na hapo plastiki ya ombwe inaingia waziwazi. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1980, Jason, ambaye leo ndiye sura ya mfululizo huo, hakuwa muuaji. Katika ya pili, mwaka 1981, alivaa gunia kichwani. Ya tatu ilipigwa kwa ajili ya kutazamwa kwa miwani ya picha zinazojitokeza, ikatoka Agosti 1982 chini ya mwongozaji Steve Miner. Siku ya kujaribu taa, kikosi hakikutaka kupoteza saa nyingi kumpaka mwigizaji vipodozi. Martin Jay Sadoff, msimamizi wa picha hizo za kujitokeza, alikuwa mpenzi wa mpira wa magongo wa barafuni na alikuwa na vifaa vya mchezo huo. Alitoa kinyago cha golikipa. Mwongozaji akakipenda, ila kilikuwa kidogo mno. Fundi Doug White akakitumia kama msingi wa uso mkubwa zaidi, akatengeneza kalibu, na nakala zikafyonzwa kwa plastiki. Matundu yakapangwa upya na alama nyekundu zikaongezwa.

Inafaa kukumbuka kinyago hicho kilikotoka. Tarehe 1 Novemba 1959 golikipa Jacques Plante wa Montreal alipigwa usoni na kisahani cha mpira katika mechi mjini New York, akashonwa, akarudi uwanjani amevaa ngao ya nyuzi za kioo aliyokuwa akiitumia mazoezini. Kuanzia hapo makipa wengine wakafuata. Kifaa kilichobuniwa kuokoa uso wa mtu kiligeuka alama ya mauaji bila kubadilishwa umbo lake la msingi, na hilo linathibitisha kwamba kinachotisha ni ule ugandaji wa uso, hata pasipo meno wala damu.

Nchini Tanzania sura hizi ziliingia kupitia vibanda vya video. Filamu za nje zilitazamwa kwa kanda, kisha kwa diski, zikisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Kiswahili zilipoanza kushamiri, hazikuchelewa kuingia katika mizimu na majini. Mussa Banzi aliongoza Nsyuka na Shumileta, zilizopata watazamaji wengi wakati huo. Filamu hizo zilitengenezwa kwa bajeti ndogo na kwa haraka, na tangu hapo mtazamaji wa Kiswahili amezoea kutishwa zaidi kwa hadithi, sauti na vipodozi. Kinyago chenye nguvu, kinachotambulika hata kikichorwa ukutani kwa mkaa, bado hakijapatikana katika filamu za hapa. Ni pengo kubwa kwa nchi yenye mapiko.

Kuunda upya kinyago kwa ombwe kunaanza na kalibu, na ubora wote unaamuliwa hapo. Kalibu huchongwa kwa mti mkavu au humiminwa kwa poda ya jipsamu, ileile inayotumiwa na mafundi wa dari. Mti mbichi haufai, kwa sababu joto huupasua. Kuta za uso zinapaswa kuinama kidogo kuelekea ndani kadiri zinavyopanda. Mahali popote palipochimbwa kwa chini, kama nyuma ya pua iliyopinda au chini ya taya, plastiki itashika na kalibu haitatoka. Mchongaji wa mti anayezoea kupenyeza kisu kila upande hulazimika kujizuia hapo. Kwenye kona za macho, kando ya pua na katikati ya midomo hutobolewa matundu ya milimita 1 hivi, ili hewa isinaswe na kuacha uvimbe.

Karatasi ya plastiki hubanwa kwenye fremu na kupashwa moto. Plastiki za polistirini na ABS ndizo hutumika zaidi, kwa unene wa milimita 1 hadi 3. Polistirini hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 140 na 180 za Selsiasi. Dalili ya kuwa tayari ni kulegea: karatasi hujikunyata kwanza, hutulia, kisha hushuka katikati. Hapo fremu hushushwa upesi juu ya kalibu iliyokaa kwenye sanduku lenye matundu, na hewa ya chini ikavutwa. Kwa kweli ombwe halivuti kitu. Ni hewa ya juu inayosukuma. Karatasi ya sentimita 30 kwa 40, pakiwa na ombwe kamili usawa wa bahari, hukandamizwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1,200 na zaidi. Kwenye nyanda za juu kama Mbozi mkoani Songwe, penye mwinuko wa mita 1,500 hivi, nguvu hiyo hupungua kwa karibu moja ya sita, na bado ni tani moja. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi nyumbani hutoa sehemu ya tano tu ya nguvu hiyo, kwa hiyo uso hutoka mviringo na mikunjo ya ngozi hupotea. Kompresa ya friji iliyogeuzwa kuwa pampu, ikiunganishwa na tangi imara lililokwisha kutolewa hewa, hufanya kazi bora zaidi, maana kompresa peke yake huvuta polepole na plastiki hupoa kwa sekunde chache.

Plastiki inaponyooshwa hupungua unene. Pale inapogusa kwanza, kwa kawaida ncha ya pua na paji la uso, hupoa na kubaki nene. Mashavu na mabonde ya chini hupata kilichobaki. Mistari pia hufifia, kwa kuwa kinachoonekana nje kimetenganishwa na kalibu kwa unene wa karatasi yenyewe. Dawa ni kuchonga kwa kutia chumvi: chale ziwe za kina zaidi, nyusi zitokeze, midomo ipanuke kuliko inavyotakiwa kuonekana mwishoni. Mtu aliyezoea kuchonga mapiko, ambayo hutazamwa kwa mbali na usiku kwenye mwanga wa moto, tayari ana mkono wa namna hiyo.

Baada ya hapo ni kukata kingo, kutoboa macho, kupiga msasa, kupuliza rangi ya msingi na kupaka. Sifongo hubandikwa ndani kwenye paji la uso, na kamba au lastiki hufungwa. Kazi ya kupasha moto ifanywe mahali penye hewa inayopita. Polistirini ikizidi moto hutoa mvuke wenye madhara, na plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma macho na mapafu. Jiko la mkaa halifai, kwa kuwa joto lake halilingani na moto wake uko wazi; koili za jiko la umeme zilizopangwa chini ya bati hupasha sawasawa zaidi.

Kunakili vitu vya filamu huzua suala la haki, nalo lilijadiliwa hadi juu kabisa nchini Uingereza. Andrew Ainsworth wa Twickenham ndiye aliyefyonza kwa ombwe kofia za askari weupe wa Star Wars mwaka 1976. Alipoanza kuuza nakala miaka mingi baadaye, kampuni ya Lucasfilm, iliyotengeneza filamu hiyo, ilimshtaki. Tarehe 27 Julai 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kofia ile ilikuwa kifaa cha filamu na si sanamu, hivyo haikulindwa nchini humo kama kazi ya uchongaji. Lakini pia ikasema kwamba ukiukaji wa haki za Marekani ungeweza kusikilizwa katika mahakama za Uingereza. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo haiwalindi wabunifu binafsi tu, bali pia kazi za jadi za jamii. Fundi anayenakili uso wa Jason ili auze anagusa haki za kampuni ya nje. Anayenakili lipiko ili auze anagusa haki za watu wa Newala na Mtwara, na hilo la pili ndilo husahauliwa mara nyingi zaidi.

Kama mfano wa mahali ambapo kazi hii ingeweza kuanzia, tuchukue Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe katika mkoa wa jina hilohilo, ulioanzishwa mwaka 2016. Mji huo haujulikani kwa vinyago. Unajulikana kwa dhahabu. Uko katika eneo la dhahabu la Lupa, lililovuta wachimbaji tangu enzi za Waingereza, na mgodi wa zamani wa Saza uko jirani. Lakini kazi ya ombwe inahitaji watu wa aina iliyopo katika mji wa migodi: anayejua pampu na kompresa, anayechomelea vyuma, seremala, fundi wa dari, fundi wa friji. Wanyiha wa Mbozi, majirani wa karibu, walikuwa na matanuri marefu ya kuyeyushia chuma yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kwa hiyo kutumia hewa kama chombo cha kazi si jambo geni katika pande hizi. Plastiki inaweza kufika kupitia Tunduma, mahali ambapo barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA zinavuka kwenda Zambia.

Anayekosekana ni mchongaji, na huyo hanunuliwi mpakani. Vijana wa Mkwajuni wanaotaka kutengeneza filamu ya kutisha, au kuwauzia vinyago wanaotengeneza, watafanya vyema kumtafuta kwanza mchongaji wa Kimakonde na kukubaliana naye malipo na haki za kalibu, kabla ya kununua karatasi moja ya plastiki. Sura ya golikipa wa Montreal inaweza kutumika kujifunzia. Ya kuuza na ya kupigia filamu iwe mpya, iliyochongwa hapa, na jina la aliyeichonga liandikwe mwishoni mwa filamu pamoja na majina ya waigizaji.